Gita la Mbao Nzima

Mwalimu Hesbon mwenyewe hukiri kwamba kama kungekuwa na shahada ya kulijua gita bila kulipiga, yeye angekuwa profesa. Amefundisha Jiografia Lamu, au Amu kama wenyeji waiitavyo, miaka kumi na miwili, na mwaka mmoja na nusu wa mwisho hakuna somo lake lililomalizika bila kuishia kwenye magita. Kidato cha Tatu walipofika mada ya misitu, walitoka darasani wakijua kwamba miti ya nchi za baridi hukua polepole, pete zake zikabanana, na ndiyo maana ubao wake ukiguswa hutoa mlio mrefu. Mtihani haukuuliza hilo.

Adui yake alikuwa plaiwudi. Gita lake la zamani, alilolinunua akiwa chuoni, lilikuwa la plaiwudi mwili mzima: uso, mbavu na mgongo. Aliwaeleza walimu wenzake wakati wa chai kwamba plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na gundi haiimbi. Gita la mbao nzima ni jambo jingine kabisa. Kila kipande chake ni ubao mmoja uliotoka kwenye mti, na kadiri unavyokaa nalo ndivyo sauti inavyozidi kuwa tamu. "Kama ndoa," alimalizia siku moja, na Bi Nadra wa Hisabati akamuuliza kama mkewe ameshausikia mfano huo.

Mkewe alikuwa ameshausikia. Bochaberi, muuguzi wa zahanati, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuwa akisubiri kitu kimoja tangu siku ya harusi yao kule Nyamira. Siku hiyo bendi iliwapigia wimbo ambao ilikuwa imewapigia maharusi wengine wawili wiki hiyo hiyo, na Hesbon akamnong'oneza bibi harusi, "Nitakutungia wako. Hautapigiwa mtu mwingine." Hayo ni maneno ya mtu aliyevaa suti ya kuazima, lakini Bochaberi aliyaweka moyoni. Aliuliza mwaka wa kwanza, akauliza wa tatu, akauliza wa saba. Jibu lilikuwa lile lile: wimbo upo, ila hili gita la plaiwudi haliuwezi. Mwaka wa kumi akaacha kuuliza, na hapo ndipo Hesbon alipoanza kuogopa. Sasa mwaka wa ishirini ulikuwa unaangukia Jumamosi ya pili ya Agosti. Akikosa safari hii, hangekuwa na uso wa kuahidi tena, wala hakungekuwa na mtu wa kuahidiwa.

Basi gita litafutwe, na liwe la bei ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuitazama bila kufumba macho.

La kwanza lilikuwa Nairobi, kwenye simu. Muuzaji aliandika "mbao nzima" kwa herufi kubwa, lakini Hesbon alipoomba picha ya mgongo, kisha ya mbavu, kisha ya ukingo wa tundu la sauti kwa karibu, yule bwana alikiri kwamba nzima ni uso tu, kwingine ni ile ile plaiwudi imepakwa rangi. La pili lilikuwa Mombasa, nzima kweli kweli, na kwa bei yake mtu angepata ng'ombe wa maziwa pamoja na banda. La tatu lilikuwa hapo hapo kisiwani, kijiji cha Shela, mwendo wa miguu. Mgeni mmoja alikuwa ameliacha kwenye nyumba ya wageni inayosimamiwa na Bi Radhiya, na kabla ya kupanda ndege akatuma ujumbe kwamba liuzwe kwa yeyote atakayelipenda.

Hesbon alikwenda Jumapili baada ya ibada, akiwa na tochi ya simu na kioo kidogo cha poda cha mkewe. Alilitoa gita kwenye kasha lake, akalilaza mezani, akavaa miwani. Alichungulia ukingo wa tundu: mistari ya mbao ilitoka juu ikashuka ukingoni bila kukatika, wala hakukuwa na tabaka. Akaingiza kioo ndani, akatazama mgongo upande wa ndani, akaligeuza, akatazama upande wa nje. Kifundo kilichokuwa ndani kilikuwapo na nje, mahali pale pale, ndiyo ishara ya ubao mmoja. Uso ulikuwa mbao nyeupe ya nchi za baridi, mbavu na mgongo mkangazi. Akanusa. Akapiga picha thelathini na mbili.

Bi Radhiya alimletea juisi ya ukwaju, akaja kuchukua gilasi, akarudi tena, akamkuta bado ameinama na kioo chake.

"Bwana Mwalimu," akasema, "wewe wataka gita au wataka mti?"

"Kwa nini, Bi Radhiya?"

"Saa mbili hizi hujalipiga hata mara moya."

Hesbon alicheka, akasema sauti itakuja yenyewe, muhimu ni mbao. Akalipa bila kuligusa uzi.

Ili pesa zitimie alikuwa amemuuzia lile la zamani Jabez, konstebo anayeimba besi kanisani. Alimwonya kwa dhati kwamba ni plaiwudi tupu. "Hata mimi ni plaiwudi, Mwalimu," Jabez akajibu. "Lete."

Sasa mtu mwingine angekwenda nyumbani akafanya mazoezi, maana zilikuwa zimebaki siku sita. Hesbon alilipeleka gita mtaa wa Mkomani kwa Fundi Mselem, mchonga milango, ili athibitishiwe. Kwanza alimsimulia fundi, kwa nusu saa, anayoyajua kuhusu mbao. Mselem, ambaye ameshika patasi tangu hajaota ndevu, alimsikiliza kwa adabu. Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa tundu, akagonga mgongo mara mbili.

"Mbao ni moya, haikuungwa. Umepata kitu, Bwana Mwalimu. Lakini hini imetoka nti ya baridi, na hewa yetu ina munyu wa bahari. Itavimba, ipasuke. Iwate, ikae kashani mwake."

"Ipasuke?" Hesbon alilivuta gita kifuani. "Na milango yako, Fundi, mbona haipasuki?"

"Twaipaka mafuta."

Adhana ikasikika, Mselem akaweka patasi chini, akaenda kuswali. Hapa mtu mwenye akili angesubiri arudi, amuulize: mafuta gani? Na gita nalo hupakwa? Hesbon hakusubiri. Angeulizaje, na ameshamaliza nusu saa akieleza kwamba mambo haya anayajua? Alirudi nyumbani, mtaa wa Langoni, akipitia ufukweni, na pale akaona mashua iliyopinduliwa, mbao zake nyeusi ti, zina miaka arobaini ndani ya maji ya chumvi na hazina hata ufa. Zinang'aa kwa mafuta ya papa. Kwa hesabu ya mwalimu wa Jiografia, kinachouhifadhi ubao baharini kitashindwaje kuuhifadhi sebuleni?

Famau, anayewauzia wenye mashua mafuta hayo, alimuuliza mashua yake ina urefu gani.

"Ndogo," akajibu Hesbon. "Futi tatu na nusu."

Alipaka Jumatatu alasiri, Bochaberi akiwa kazini. Alipaka kwa kitambaa, polepole, kwa mapenzi. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kufanya kazi nusu, akakumbuka kwamba gita kwa ndani halina vanishi, mbao iko uchi, ndiyo inayohitaji zaidi. Akapitisha mkono tunduni, akapaka ndani kote. Mbao ya mkangazi ilikuwa na kiu. Ilikunywa kikombe kizima ikaomba kingine, naye akaipa.

Mafuta hayo ni maini ya papa yaliyooza kwenye pipa, na harufu yake haielezeki kwa mtu asiyeijua, na kwa anayeijua hakuna haja. Bochaberi aliinusa akiwa bado mwanzo wa kichochoro. Alipanda ngazi, akaliangalia gita, akamwangalia mumewe aliyekuwa na mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Baba Kerubo," akasema, "hilo halilali humu."

Halikulala. Liliwekwa kwenye baraza ya nje, mlango ukafungwa. Jumanne Hesbon alilisugua kwa ndimu. Jumatano alilijaza kahawa ya kusaga, Alhamisi majivu, na Ijumaa akalianika juani lipate kukauka, jambo lililoifanya harufu iamke vizuri zaidi. Zaidi ya hayo walikuja paka. Kwanza walikuwa watatu, kisha saba, kisha akaacha kuhesabu. Walikaa wamelizunguka gita kwa heshima ambayo Kidato cha Tatu hawajawahi kumwonyesha.

Jumamosi ikafika. Bochaberi hakusema kitu asubuhi wala mchana. Alipika, akala, akapanda juu. Hesbon alijua kwamba kunyamaza huko si hasira. Ni kuzoea, na hilo lilimuuma kuliko hasira. Saa kumi alasiri akaketi barazani, akalipakata gita, akapiga uzi wa kwanza tangu alinunue.

Dum.

Akapiga wa pili. Dum. Ubao mzima ulikuwa umelewa mafuta, haukuweza kutetemeka. Plaiwudi ya chuoni ilikuwa kinanda cha mbinguni ukiilinganisha na hiki. Jirani yao Esha alikuwa anapita, akafunika pua kwa buibui.

"Mwalimu! Paka wote wa Amu wamekuya harusini!"

Hesbon aliona aibu, kisha akaona hana tena cha kusingizia. Gita la mbao nzima lipo, siku ipo, mke yuko dirishani juu. Akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ulitoka, sauti ikitetemeka kuliko mbao. Akaingia ubeti wa pili, akafika mstari wa tatu, akakwama.

Kutoka juu, sauti ya Bochaberi ikaushika mstari ule, ikaumaliza. Ikauimba na wa nne.

Hesbon akainua kichwa. "Umeujulia wapi?"

"Nilipokuwa nikitoka zamu mapema, nakusikia. Unadhani sipo. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi mpaka umalize, ila hukumaliza hata siku moja. Ukifika pale unakwama, unalilaumu gita. Nikaona nijimalizie mwenyewe."

"Miaka yote hiyo?"

"Tangu Kerubo yuko darasa la tano." Kerubo sasa yuko chuo kikuu, Eldoret.

Hesbon alilitazama gita mapajani, na paka walimtazama yeye. "Mama Kerubo, gita lile halikuwa na ubaya. Niliogopa tu. Niliogopa nikuimbie, uone kwamba wimbo wenyewe ndio huo tu."

"Ndio huo tu," Bochaberi akasema. "Ndio nilikuwa nautaka." Akainama dirishani. "Siku Jabez alipopita na lile gita begani, nililia jikoni. Nilidhani umeuza na wimbo."

Hesbon alitamani kukimbia mpaka kituo cha polisi, akamwombe Jabez alirudishe, lakini alibaki amekaa, mafuta ya papa yakimwingia kwenye shati lake la Jumapili, macho yakimwasha, na si kwa harufu.

Akasikia nyayo zikishuka ngazi. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka. Bochaberi alikuwa amevaa gauni lake la kijani la sherehe, na pua ameiziba kwa leso.

"Ingia," akasema. "Uanze mwanzo. Ukifika mstari wa tatu, nipo."

"Na gita?"

"Ingia nalo. Paka ndio wabaki nje."