Kujua ni Bure

Kanini alikuwa amepiga magoti chooni, mkono umeingia hadi kiwiko akitoa pedi iliyoziba shimo, Yvonne alipomwita kutoka mlangoni. Yvonne ndiye karani wa kuajiri katika ofisi hiyo ya serikali mjini Wote, msichana anayenukia vizuri. Hakuingia ndani.

"Mama, cheti chako cha CRB kiko wapi? Wenzako wote wameleta."

Miaka tisa Kanini alikuwa kibarua hapo, akilipwa wakubwa wakikumbuka. Sasa kazi ya kuosha vyoo ilikuwa imetangazwa, kazi ya kuandikwa kabisa, yenye mshahara wa kila mwezi na bima ya hospitali. Mumewe alikuwa amelala nyumbani Mbooni, figo zimekataa kazi. Bima ingemlipia kusafishwa damu. Bila bima, walikuwa wakimtazama tu akivimba miguu. Lakini huwezi kuruhusiwa kuosha choo cha serikali kabla hujathibitisha, kwa hicho cheti cha CRB, kwamba hujakopa ukakataa kulipa. Haya basi.

"Nilimpa Kang'ethe wa duka la saiba pesa za hicho cheti," Kanini alisema. "Kila nikienda ananiambia mtandao umepotea."

"Amekula hizo. Si ungejua kwanza ripoti yako inasema nini? Ripoti ni ya bure, mama. Kila mtu anapewa moja kwa mwaka, unaitisha na simu yako. Cheti ndicho cha kulipia, na hukipati ripoti ikiwa mbaya. Nipe kitambulisho."

Yvonne alibonyeza simu ya Kanini kwa ncha za kucha, maana ilikuwa na maji. Wakangoja. Ripoti ilipofunguka, Yvonne aliisoma, kisha akacheka kidogo.

"Kumbe mama ni mkopaji. Mikopo mitatu ya simu, hata mmoja haujalipwa."

"Mimi sijawahi kukopa."

"Iko na jina lako. Umekopa na laini inaishia sita-sita."

"Hiyo laini siijui."

"Ilisajiliwa na kitambulisho chako. Mwaka jana, Agosti."

Agosti. Agosti ile ya njaa, mwolyo ulipoletwa uwanja wa kanisa, mahindi ya msaada, nusu gunia kwa kila nyumba. Musyimi, naibu wa chifu, alikusanya vitambulisho vyote, na mtu wake mmoja akapita na simu akipiga watu picha. Angalia hapa, mama. Pepesa macho. Geuka kushoto. Kwa mwolyo hakuna anayeuliza ni ya nini. Ukiambiwa lete kidole unatoa kidole. Kanini alikuwa hata amefunga kitambaa cha kanisa ndio picha itoke vizuri. Alipokumbuka kitambaa hicho, aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Sasa nifanye nini?"

"Pinga. Andika malalamiko, uambatanishe barua ya naibu wa chifu wenu kwamba hiyo laini si yako. Mimi nitakushikia nafasi mpaka Ijumaa." Yvonne alimrudishia simu. "Kujua ni bure. Kurekebisha ndiyo kazi."

Musyimi alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa, akasikiliza yote bila kumkatiza huku akikoroga uji wake. Wala hakukana.

"Mwaitu," alisema, kwa ile heshima ya kumwita mtu mama, "yale mahindi ulikula?"

"Nilikula."

"Na mzee wako alikula?"

"Alikula."

"Lori lilitoka nayo Emali mpaka huku juu. Dereva alilipwa na nani? Mafuta je? Ama wewe ulifikiri mwolyo ni wa bure?"

"Niandikie tu barua, naibu. Sitakutaja popote. Huyu mtu ananifia mikononi."

"Nikiandika laini si yako, wataniuliza ni ya nani." Alipuliza uji. "Rudi nyumbani umwangalie mgonjwa. Njaa bado iko, na majina ya mwolyo ni mimi huandika."

Kanini alisema asante. Baadaye, akiteremka ile njia ya mawe, alijichukia kwa hiyo asante kuliko alivyomchukia Musyimi.

Ijumaa alifika kazini kama kawaida, akapiga deki ukumbi wote. Saa nne Yvonne alikuja na mwanamke mwenye viatu vipya. Jina lake Mbula, mwenyeji wa Emali, mwenye cheti safi.

"Pole, mama. Ningefanya nini?" Yvonne alisema. "Hebu mwonyeshe kazi kabla hujaenda."

Kanini akamwonyesha choo kinachoziba, bomba lisilofunga, na pale dawa inapofichwa isiibwe. Mbula alikuwa akiitikia kwa kichwa, amejiziba pua.

"Na hii kazi ni nzuri, mama?"

"Ni nzuri sana," Kanini alisema, na ilimchoma kwamba hakuwa akidanganya.

"Mwachie pia glavu," Yvonne alisema. Ofisi haikuwahi kununua glavu. Hizo Kanini alijinunulia sokoni. Alizivua, akampa. Mbula aliingiza vidole, akakunja uso, akazitoa haraka.

"Zina jasho ndani. Hakuna zingine?"

Yvonne alimtazama Kanini, akangoja.

Kanini akazichukua, akaenda bombani kuziosha.