Juu Ndiyo Kuwasha

"Niliiwasha!"

"Hukuiwasha, shemeji, uliizima!"

"Nakwambia niliiwasha, kwa kidole changu hiki hiki, nikaisukuma chini—"

"Chini ndiyo kuzima!"

"Kuzima wapi? Dunia nzima chini ni kuwasha! Nenda hospitali, nenda shuleni, nenda hata kituo cha polisi, bonyeza chini uone!"

"Nyumba hii juu ndiyo kuwasha, na una miaka mitatu unaishi humu—"

"Ndani! Ndani ya nyumba! Ndani juu, nje chini. Ndivyo nilivyojikaririsha nisije nikawa naoga gizani. Sasa niambie wewe, Nusu Injinia, pikipiki huwa inalala chumbani?"

Mume wa dada yangu ni mtu mpole, lakini ukimpata kwenye hoja hutoki salama. Na jina la Nusu Injinia amenipa yeye, tangu nilipoacha chuo mwaka wa tatu. Huwa nacheka. Leo mchana sikucheka.

Tulikuwa uani, jua linachoma, pikipiki ya dada imelazwa ubavu kama mbuzi aliyegongwa. Fundi alikuwa amechuchumaa pembeni yake na karai. Fundi huyu mtaani tunamwita Daktari wa Maiti, kwa sababu hajawahi kumpa mtu habari njema. Akafungua nati ya chini, oili ikamwagika kwenye karai. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," akasema. "Gasketi imekwenda, na silinda hedi imepinda. Nani alikuwa anaendesha?"

Mimi na shemeji tukanyoosheana vidole.

Ngoja nieleze, maana lawama yenyewe ina mizizi mirefu.

Marehemu baba alikuwa fundi umeme. Alipojenga nyumba hii alifunga swichi zote kichwa chini miguu juu, makusudi kabisa. Ukimuuliza kwa nini, naye anakuuliza: "Taa iko wapi? Si juu? Basi ukiitaka, isukumie hukohuko iliko." Mgeni kwetu tulimjua kwa jinsi anavyopapasa ukuta, na tulikuwa tunamwacha apapase kwanza ndipo tucheke. Baba alipofariki, swichi ya jikoni iliungua. Nikaleta mpya, nikaifunga kama watu wengine wanavyofunga. Mama aliikuta. Aliniletea kigoda, akasimama palepale na kusubiri mpaka nikaigeuza.

Sasa pikipiki. Dada ndiye dereva kwetu. Kila asubuhi anazunguka zahanati tatu, anachukua vichupa vya damu ndani ya kisanduku cha barafu, anavifikisha maabara kubwa kabla ya saa sita. Injini yake inapozwa kwa maji, na mbele ya injini kuna rejeta ya kupozea maji hayo, yenye kifeni. Ukiwa mwendo mzuri upepo unatosha. Ukikwama kwenye foleni upepo hakuna, ndipo feni inatakiwa ijiwashe yenyewe. Kuna sensa inayopima joto na kuiamrisha. Mwezi uliopita sensa ikafa. Feni ikagoma, na ile taa nyekundu ya joto ikabaki inawaka saa zote, hata injini ikiwa baridi.

Sensa ya aina ile tuliitafuta mpaka viatu vikaisha. Nikasema hakuna shida, nikavuta nyaya, nikaweka rilei na fyuzi, nikafunga swichi ya mkono kwenye usukani. Ukiona foleni, washa feni. Foleni ikiisha, zima. Kazi safi, wala sijisifu. Mkono wangu ukaifunga juu ndiyo kuwasha bila hata kuniuliza, na dada akaitumia bila hata kuniuliza. Sisi tumekulia humu.

Leo dada kaamka na homa, hawezi hata kusimama. Shemeji akasema, "Pumzika, nitakwenda mimi." Dada akamwambia, "Ukikuta foleni, washa feni." Mwenyewe alikuwa ameiacha swichi juu tangu jana; ukitoa ufunguo feni inalala, swichi inabaki ilipo. Shemeji alipoingia kwenye foleni, mtu mtiifu yule, akasukuma chini.

Saa nzima magari hayasogei. Kofia ngumu masikioni, honi kila upande, angesikia feni saa ngapi?

"Na ile taa ya joto je?" fundi akauliza.

Nikaangalia pembeni.

"Taa gani?" shemeji akasema. "Pale pana uso unacheka. Niliuangalia mara kumi nzima. Nikajua mambo poa."

Fundi akainama kwenye dashibodi. Kibandiko cha njano kilikuwa palepale, macho mawili na mdomo mpana, ukingo mmoja umejikunja. Nilikibandika mimi. Dada alilalamika taa nyekundu inamkera, nami nikataka kumchekesha. Alicheka kweli.

"Ningeona nyekundu ningesimama, shemeji," akasema mume wa dada, sasa kwa sauti ya chini. "Haki ya Mungu ningesimama. Moshi ulipoanza nilikuwa nimebakiza kidogo tu, nikasema nijikaze nifike. Ikanoki, injini ikakwama kabisa, mbele ya geti la maabara. Nikakimbia na kisanduku. Saa sita na robo. Wakakirudisha."

Aliposema hivyo mlango wa jikoni ukafunguka. Dada akatoka amejifunga shuka, midomo imekauka, simu mkononi.

"Wameandika," akasema.

"Wanasemaje?" tukauliza wote wawili.

"Pole. Kuanzia kesho anakwenda mwingine."

"Waambie ni siku moja tu, kesho nitaazima nyingine—" shemeji akadakia.

"Niliwaambia. Wakaniuliza kama pikipiki yangu inatembea." Akamgeukia fundi. "Inatembea?"

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole baada ya kidole. "Dada yangu, injini hii hata ukinikuta nimelewa sikudanganyi. Uza vipande."

Dada akapiga magoti, akazungusha ufunguo, akasukuma swichi juu. Feni ikazunguka. Ilizunguka vizuri ajabu, bila kukwaruza, inaipuliza injini iliyokwisha kufa. Akaiweka mikono yake yenye homa mbele ya feni, akafumba macho. Hakuna aliyethubutu kuizima.

"Kazi nzuri, mdogo wangu," akasema. Bora angenitukana.

Hatukujua mama amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Alikuwa ameshika testa ya baba, bisibisi yake ya umeme, ile yenye mpini mwekundu uliotafunwa na panya, inayokaa kabatini chini ya khanga zake na haiguswi na mtu. Nikajua leo nimekwisha. Nikanyoosha mkono niipokee, na maneno yake niyapokee humohumo.

Akanipita. Akaenda mpaka kwa shemeji, ambaye alisimama haraka na kuinamisha kichwa.

"Mkwe wangu," akasema, akamwekea testa kiganjani. "Nigeuzie swichi za nyumba hii. Zote, ziwe kama za watu wengine. Anza na ya chumbani kwangu."