Lengalenga ya Sikuli

Mbuzi ndiye anayekula majani. Ndivyo alivyosema Edmond, amesimama mlangoni mwa jiko la Kavuo na katoni ya makopo ya nyama begani, na laiti Kavuo angekuwa na mwiko wa moto mkononi, leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Edmond alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe Sikuli. Alichuuza mjini Beni, na vita vilivyowafilisi wenzake vilimnenepesha yeye. Makopo yale aliyanunua kwa askari. Sasa alikuwa amekuja Butembo, hapa mtaani Rughenda, kumwona kaka yake mgonjwa, akamkuta mbele ya sahani ya lengalenga, ule mchicha wa kila shamba.

— Shemeji, yaya wangu, huyu kaka, ni mutu mukubwa. Unamulisha majani sawa mbuzi, batu baseme tumeshindwa?

— Ni Hulda alisema.

Hulda alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Presha ya Sikuli ilikuwa juu, vidonge vilikwisha tangu barabara ya malori ikatwe na vita, na Hulda hakuficha kitu: asipojitunza, mshipa utapasuka kichwani. Chumvi aache, nyama ya kopo aache, ale lengalenga kwa wingi. Majani yale yana nitrati, alieleza, na ikishaingia mwilini hulegeza mishipa, damu ikapita bila kusukumana. “Haiko sawa na vidonge, lakini itasaidia.” Basi Kavuo akapanda lengalenga kote nyuma ya nyumba, na presha ikaanza kushuka. Ilikuwa inashuka!

Alimweleza Edmond hayo yote. Edmond, aliyesoma biokimia sekondari na hakuchoka kuwakumbusha watu, aligeuza kopo, akatafuta maandishi madogo, akacheka.

— Soma! Nitrite. Ile nitrati ya mu majani, mu mwili inageuka hii hii. Basi dawa iko mu boîte, mu kopo hii, tayari, na nyama juu yake!

— Maji ya mvua ni maji, na maji ya choo ni maji. Utakunywa yote? Boîte imejaa chumvi na mafuta! Hulda alisema hapana kula boîte!

Ilibaki Sikuli aamue. Alitazama sahani, akatazama kopo, akamwona mdogo wake anavyomhurumia. Akaisukuma sahani.

— Mama Bénie, alimwambia mkewe, fungua boîte.

Kavuo hakuifungua. Aliifungua Edmond.

Sikio la kufa halisikii dawa. Edmond alirudi Beni, makopo yakabaki. Kavuo alifoka, alinuna, aliyaficha chini ya mahindi. Sikuli aliyafichua, na wageni wakija aliwaonyesha kwamba nyumbani kwake, vita au si vita, watu wanakula nyama. Lengalenga wakapewa kuku wa jirani. Kavuo alimchukia mumewe kila alipomwona akilamba vidole, na alimpenda vilevile, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Katoni ilikuwa bado haijaisha. Asubuhi moja Sikuli aliinama kufunga viatu, akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukafa, mdomo ukaenda kombo, maneno yakakatika. Mshipa umepasuka, alisema Hulda, na safari hii hakueleza zaidi.

Edmond alifika kituoni, alikolazwa kaka yake, kwa pikipiki, vumbi tupu, analia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kopo.

— Ya kumupa nguvu.

Kavuo alisikia damu yake mwenyewe ikigonga masikioni. Alimpokonya kopo, akalitupa nje ya dirisha. Kisha akamwekea mkononi bakuli la lengalenga iliyopondwa, isiyo na chumvi. Hulda alikuwa ameruhusu chakula laini.

— Mulishe mbuzi wako.

Edmond alichota. Maji ya kijani yakachuruzika kwenye kidevu cha kaka yake. Akafuta, akachota tena. Sikuli alimeza, kisha kwa mkono wake mzima akalivuta bakuli karibu.

— Ungekula lengalenga wakati kinywa yako ilikuwa muzima, Baba Bénie, alisema Kavuo, akamshikia bakuli.