Gari Halina Meno

Baba alilisema Jumatatu wakati wa chakula, kijiko kikiwa bado mkononi.

"Mafuta yanaliwa humu ndani."

Hakumtazama mtu. Aliliambia bakuli. Lakini mezani tulikuwa wanne, na anayeendesha gari letu ni mmoja tu: mjomba, mdogo wake mama, anayekaa nasi tangu mwaka juzi na kupeleka mikate ya mama madukani, asubuhi na tena mchana.

Mjomba akameza kwanza. "Shemeji, gari ndilo linalokula."

"Gari halina meno," baba akasema.

Mama akasimama akaanza kukusanya sahani, hata zile zilizokuwa na chakula.

Hoja ya baba ilikuwa hivi. Zamani tangi likijazwa Jumatatu, mshale wa mafuta ulikuwa unalala Jumamosi. Siku hizi unalala Alhamisi. Njia haijabadilika, maduka ni yale yale, na mikate haijaongezeka uzito. Kwa hiyo ama kuna mtu anayeyanyonya mafuta kwa mpira, ama mjomba akishamaliza kugawa mikate anazurura na gari. Ushahidi pia alikuwa nao: kipande cha mpira alichokiona nyuma ya stoo, na kikohozi. Mjomba alikuwa na mafua wiki nzima, na kila akikohoa baba alikuwa ananusa hewa kidogo, eti kama itanuka petroli.

Ule mpira ni wangu. Nautumia kusuuzia ndoo. Nilitaka kusema, lakini maneno yangu mimi huwa yanafika mdomoni watu wakiwa wameshaondoka mezani. Ndiyo maana mjomba ananiita Redio. Ni utani, kwa sababu nyumba nzima hakuna anayenisikia.

Sasa, baba yangu ni fundi saa. Ana vidole vya kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, na anaamini mtu anayeijua saa hawezi kushindwa na mashine nyingine yoyote. Akakata shauri: Jumamosi fundi magari aje nyumbani aifungue injini. Akikuta ubovu, yaishe. Asipokuta, mjomba aweke ufunguo mezani na atafute pengine pa kukaa. Mama akauliza mikate itapelekwa na nani. Baba akajibu kwamba itapelekwa. Na hayo maduka hajui hata moja liko wapi.

Ijumaa niliporudi shule nikamkuta mjomba chumbani kwake anakunja mashati. Nikasimama mlangoni.

"Redio, usinitangazie msiba," akasema. "Nayanyoosha tu."

Alikuwa anayanyooshea ndani ya begi.

Nikatoka nje kuosha gari, maana hiyo ndiyo kazi yangu akisharudi kutoka mzunguko wa mchana. Nilianza mbele, nikazunguka, nikamwaga maji kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Likafanya shiii, kama kikaango. Wala si mara ya kwanza. Nilikuwa nalisikia wiki ya pili au ya tatu hiyo, nikadhani ndivyo lilivyo, kama watu wengine wanavyokoroma. Lakini siku hiyo nilikuwa na lile begi kichwani, ndiyo nikajiuliza mbona haya mengine matatu hayasemi kitu. Nikasogeza kiganja karibu na lile la kushoto. Joto lake lilikuwa la pasi.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Uwanja wetu una mteremko wa kwenda getini. Zamani asubuhi mjomba alikuwa hawashi injini, analiachia tu gari linateremka lenyewe kimya kimya hadi nje. Siku moja likateremka bila kuambiwa, likabusu geti. Tangu hapo kila jioni, mjomba akishaegesha, baba anatoka na kandambili zake, anaingia garini na kuivuta hendibreki upya, kwa mikono miwili, meno yameuma mdomo, kama anang'oa gego. Na siku hizi asubuhi gari haliteremki tena. Mjomba analisukuma kwa bega.

Nilikuwa na mambo mawili mkononi na sikujua yanaungana wapi.

Jumamosi fundi akaja mapema, kabla mikate haijatoka. Mtaani tunamwita Daktari, kwa sababu ana bisibisi ndefu anayoibandika kwenye injini, na upande wa pili anaweka sikio, anafumba macho. Baba alimpenda papo hapo. Daktari akafungua plagi moja moja akazitazama: safi. Akatoa chujio la hewa akalipuliza, vumbi la kawaida. Akalala chini kutafuta kama mafuta yanavuja, akatoka mkavu. Akapima upepo wa matairi, ukawa sawa. Mama alisimama mlangoni na unga mikononi, na kila Daktari aliposema "hapa pazima" alizidi kuufikicha.

"Injini ni nzima," Daktari akamaliza. "Ningekuwa na figo kama hii injini ningeoa tena."

Baba akanyoosha kiganja. Mjomba akauchomoa ufunguo mfukoni, akaanza kuuondoa kwenye kishikio chake, kiatu kidogo cha kitambaa nilichomshonea mimi.

"Linalia," nikasema.

Wote wakageuka. Daktari akaniuliza nani analia.

"Gurudumu. Shiii."

Baba akasema magurudumu hayalii. Mimi maneno yakawa yameisha, nikakimbilia jagi. Nikamwaga maji kwenye gurudumu la nyuma kushoto mbele yao wote. Yakateremka taratibu, yakadondoka chini. Kimya. Nikamwaga tena. Kimya. Masikio yangu yakawaka moto, na kama lile gurudumu lingekuwa na nusu ya joto hilo, kesi ingekuwa imekwisha. Mjomba akaniambia kwa upole niache tu, si neno.

Sikuacha. Niliangalia lile tairi likiwa limekaa pale pale tangu jana, ndipo nikaona.

"Halijatembea," nikasema.

Daktari akaacha kufunga sanduku lake la vyombo. Akamwambia mjomba alizungushe mitaa mitatu minne, arudi. Baba akasema na yeye anakwenda, akapanda mbele na kufunga mlango kwa nguvu, asije mtu akanyonya mafuta njiani.

Waliporudi nilianza na gurudumu la mbele kulia. Kimya. Mbele kushoto, kimya. Nyuma kulia, kimya. Kisha la nne. Likapiga shiii ndefu, na moshi mweupe ukapanda hadi usoni kwa baba.

"Basi, mwanangu, inatosha," Daktari akasema. "Chuma cha moto hakimwagiwi maji, kitapinda."

Akatia jeki, akalinyanyua gari nyuma. Lile la nyuma kulia alilisukuma kwa kidole, likazunguka kama feni. La kushoto alilishika kwa mikono miwili, likagoma. Akaingia chini akakaa huko kidogo, kisha akamwita baba ainame aone mwenyewe. Kebo ya hendibreki ilikuwa imevutwa hadi nyuzi zake zimekatika na kukwama ndani ya ala yake. Hendibreki ukiishusha, breki ya kushoto hairudi.

"Gari linatembea huku limeshikwa shati," Daktari akasema. "Injini inavuta, breki inavuta. Mafuta yatakosaje kuisha?" Akajifuta mikono. "Injini mliniambia niitazame, nimeitazama. Sasa niambieni, ni nani hapa anayevuta hendibreki namna hii?"

Mama akaangalia juu ya paa, ambako hakukuwa na kitu. Mjomba akapatwa na kikohozi. Baba alitazama vidole vyake, vile vya kushikia skrubu ndogo, akavigeuza upande wa pili na kuvitazama tena.

"Kumbe lina meno," mama akasema, akarudi zake jikoni. Tukamsikia anacheka huko peke yake, sauti ya mtu aliyebana tangu Jumatatu.

Daktari alikwenda kuleta kebo mpya akaifunga kabla ya saa nane. Ufunguo ulikuwa bado mkononi kwa mjomba. Baba alimsogelea, akawa anaongea na kioo cha gari.

"Yale mashati, shemeji. Yatakunjamana kwenye begi."

"Yameshakunjamana," mjomba akasema.

"Nitakupigia pasi."

Na kweli alipiga, yote saba, kola kwa kola, kama anafungua saa.

Jioni mjomba akaegesha. Baba akatoka na kandambili zake, akaingia garini kwa mazoea, akaishika hendibreki. Mimi nilikuwa nasuuza ndoo. Akaniona ninamwona. Mkono ukakaa pale kidogo, kisha akautoa polepole.

"Redio," akaniita, na hilo jina hakuwahi kulitumia hata siku moja, "nitafutie jiwe la kuzuia tairi."

Nikamletea mawili.