Nani Akae Juu ya Skrini

Mfereji hauna adabu. Unatoka mlimani, unapita kwa tajiri, unapita kwa maskini, unateremka mpaka bonde la Nduruma bila kuuliza mwenyekiti ni nani. Lakini skrini iliyokuwa ukutani mwa ofisi ya chama cha watumia maji ilikuwa imefundishwa adabu, tena ya kupindukia, na aliyeumia kwa adabu hiyo ni mama mkwe wa Nashipae, karani wa ofisi hiyo.

Kila lango la mfereji lilikuwa limefungiwa kipimo, na kipimo kilituma habari ofisini: hapa maji yapo, pale pamekauka. Kazi ya Nashipae ilikuwa kuitazama skrini, kisha kumpigia mgawa maji akafunge kwa aliyezidisha zamu na kumfungulia aliyekosa. Kazi nyepesi, utasema. Haya, tazama basi. Nusu nzima ya juu ilikuwa picha ya mwenyekiti, Mzee Sifaeli, na suti yake ya kijivu, anatabasamu kama mtu aliyeuzaa mfereji kwa uchungu. Ubavuni mwake nembo za wafadhili. Chini ya kidevu chake maneno yalikimbia bila kupumzika, yakikutakia siku njema. Ndipo yakafuata malango, nayo hayakupangwa kama maji yanavyoteremka. Yalipangwa kama wajumbe wanavyoketi kikaoni: la mwenyekiti kwanza, la makamu wake Mzee Simel, halafu ya wengine kwa umri na kwa tumbo. Lango la Mwisho, la wakulima wa bondeni wasio na mjumbe hata mmoja, lilitupwa ukurasa wa tatu. Na huo ukurasa wa tatu ulijifungua ukipenda, ukakaa muda wa kupiga chafya, ukaenda zake.

Huko ukurasa wa tatu ndiko alikolima Anande, mama mkwe wake. Msimu uliopita nyanya zake zilikauka na maua yake, na hakuna aliyeona. Sasa alikuwa na kitalu cha vitunguu kilichofika wakati wa kuhamishwa, na shamba gumu kama sakafu ya kanisa.

"Maji yakikosekana wiki hii," alisema akimbembeleza mjukuu wake Blessing, "naing'oa hiyo miche nawapa mbuzi."

Hakulalamika. Alisema tu, huku akimpangusa mtoto udenda kwa ncha ya kanga. Ndiyo maana ilimuuma Nashipae. Kesho yake akaomba kikao cha kupanga skrini upya.

Kikao kilikuja kwa wingi, maana kulikuwa na soda. Derick, mtaalamu aliyeunda ule mfumo, alipanda kutoka mjini, na manukato yake yakaingia kabla yake.

"Shikamooni wazee. Nimekuja na mawazo mazito. Tuweke miduara inayozunguka. Inaleta mvuto."

"Inazunguka ikionyesha nini?" Nashipae aliuliza. Blessing alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Inaonyesha kwamba mfumo uko hai, sista."

"Na lango lililokauka litaonekana wapi?"

"Hayo ni mambo ya ndani," Derick akasema, akafungua soda.

Mzee Simel akakohoa. Yeye hakuwa na neno kuhusu malango. Alitaka kujua kwa nini makamu mwenyekiti hana picha, wakati hata nembo ya wafadhili, ambayo haina uso, inayo nafasi.

"Picha ya makamu iwekwe," Mzee Sifaeli akakubali kwa moyo mzito, "ila isivuke bega langu."

"Bega lipi? La kulia au la kushoto?"

"Yote mawili!"

Wakaanza kupimana mabega. Watu wazima, wenye wajukuu, wanaosoma somo kanisani Jumapili, walisogea hadi kwenye skrini wakaweka viganja, huyu akisema shubiri moja inatosha, yule akisema shubiri ya nani. Derick akaandika yote kwa bidii, kama anayeandika dawa. Nashipae akawatazama migongo yao na kuwaza kwamba hata kuku wakimwagiwa mtama hutazama kwanza mtama uko wapi.

"Wazee wangu," akasema, "naomba lango lisilo na maji liwe linapanda juu. Likipata maji linashuka lenyewe."

Wote wakageuka.

"Yaani mimi," Mzee Sifaeli akajigonga kifuani, "mimi nikae chini ya watu wa bondeni? Wageni wa wafadhili wanakuja keshokutwa, Mama Blessing. Waseme mwenyekiti wa hapa kumbe ni wa mkiani?"

"Mwenyekiti, kwenye msiba nani anakaa mbele?"

"Swali gani hilo? Wafiwa."

"Na wewe ukifika?"

"Napewa kiti nyuma yao."

"Umevunjiwa heshima?"

Msibani kwa jirani yake mwezi uliopita Mzee Sifaeli alikuwa ameketi nyuma ya watoto wa marehemu, mmoja wao hata shule hajaanza, na hakuna aliyemwona mdogo.

"Leo umepatikana!" Mzee Simel akacheka mpaka soda ikamtoka puani. "Mimi naunga mkono. Mwenye kilio akae mbele!"

Usidhani alikuwa amewaonea huruma watu wa bondeni. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kwa mpango huo ile picha itaondoka, na furaha ya kumwona mwenzake akishushwa ilimtosha kuliko picha yake mwenyewe. Wengine nao wakanyoosha mikono kwa sababu hiyo hiyo. Haki ilipita kikaoni ikiwa imebebwa na wivu, na Nashipae hakuishusha aulize nauli. Derick akabofya bofya, picha ikaondoka, na hapo hapo akatangaza kwamba wazo hilo amekuwa nalo tangu chuoni.

Siku ya wageni, asubuhi, skrini ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Juu kabisa, kwa herufi nene nyekundu: Lango la Mwisho, kavu. Chini kabisa, kijani: Sifaeli, maji tele. Nashipae akampigia mgawa maji, na mgawa maji akajibu kwamba malango ya juu yote yako wazi na yeye si mwendawazimu wa kufunga la mwenyekiti siku ya wageni.

Mwenyekiti akaingia na suti ile ile.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Jina langu liko wapi?"

"Chini. Una maji mengi."

"Na wageni wataanza kusoma wapi?"

"Juu, mwenyekiti. Kila mtu anaanza juu."

Akasimama akiitazama skrini kama mtu aliyekuta gari lake linaendeshwa na mwingine. Kisha akatoka kibarazani, na Nashipae akasikia sauti yake kwenye simu: "Funga lango. Nimesema funga! Migomba haitakufa leo."

Haukupita muda mrefu, jina la Sifaeli likawa jekundu, likapanda. Mzee Simel, aliyekuwa anakunywa chai, akaliona likimpita. Akaweka kikombe. Akatoka na yeye.

"Funga! Kaza mpaka mwisho! Hata tone lisipite!"

Wajumbe wengine walipofika na kuwakuta wakubwa wao wanang'aa kwa wekundu, hawakuhitaji kuelezwa. Kibaraza kizima kikawa simu. Lango baada ya lango likafungwa, na maji, yasiyojua kusubiri wageni, yakashika njia ya bondeni.

Lango la Mwisho likageuka kijani, likashuka taratibu mpaka chini ya wote. Nashipae akalifuata kwa macho lilivyokuwa linashuka. Simu ikaita.

"Mama Blessing!" Anande alikuwa anapiga kelele juu ya mlio wa maji. "Yamejaa mfereji mzima! Hao watu wa juu wameokoka?"

"Hapana, mama. Wanagombea nafasi ya mbele."

"Basi usiwaamue, mwanangu. Mimi nahamisha vitunguu."

Wageni walipofika walisoma kuanzia juu, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mzee Sifaeli akawahutubia kuhusu kiongozi anayetangulia kuteseka kwa ajili ya watu wake, na Mzee Simel, aliyekuwa mstari mmoja chini yake, akasaga meno.

Wakati wanapiga picha, Nashipae alimvuta Derick pembeni, akambadilisha Blessing bega.

"Kaka, ongeza kitu kimoja. Mbele ya kila jina, lango limekaa muda gani bila maji. Aliyekaa zaidi awe juu zaidi."

"Ya nini tena hiyo?"

"Waongezee tu," akasema Nashipae. "Wataipenda."