Nyasi za Matanga

Kokushubila alikata nyasi kidogo, akakohoa, akakata tena. Kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi juu ya kijiji, alibaki peke yake. Wanawake wenzake walishashuka na matita yao kichwani, na hakuna aliyemngoja.

Tangu mlima uporomoke ukaifukia nyumba yake na yeye akiwa ndani, kifua hakikurudi kama zamani. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Sikio la kushoto lilikufa. Na kulala ndani ya nyumba kulimshinda kabisa. Alilala mlangoni, kichwa nje, kama mbwa, ndivyo walivyosema watu.

Aliyemfukua kwa mikono mitupu alikuwa jirani yake, mzee Ishengoma. Sasa mzee amefariki, na nyasi hizi zilikuwa za kutandika msibani kwake. Desturi ni moja: kila nyumba ilete nyasi, na mwenye nyumba hiyo alale juu yake, mle ndani kwa marehemu, mpaka matanga yaishe. Asiyelala, siku yake ikifika hazikwi na mtu.

Alipofika uani kwa marehemu na tita lake, Rugemalira, mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amesimama mlangoni na koti la kaki alilopewa bomani.

"Leo utaingia, Kokushubila? Au nyasi hizo umewaletea mbuzi?"

Watu wakacheka chinichini.

"Nitajaribu, waitu," alijibu kwa heshima.

"Kujaribu! Kwa Mutembei hukulala. Kwa mama Jovita hukulala. Ukikosa na hapa tusilaumiane. Moto hutaomba kwa mtu, na siku yako utajizika mwenyewe."

"Naumwa, waitu."

"Barua ya daktari iko wapi?"

Hakuwa nayo. Alikuwa amekwenda Bukoba kwa miguu, akipumzika kila kilima. Kijana wa zahanati alimbonyeza mbavu, akamwuliza ametoka wapi. Kusikia Muleba, akacheka. "Mgonjwa gani anatembea kutoka Muleba? Mifupa mizima hiyo. Rudi ukalime."

Basi akainama, akaingia. Mle ndani ya msonge kulikuwa na giza na moshi, watu wamebanana. Alitandika nyasi zake karibu na mlango. Klaudia, mjane wa marehemu, akamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna. Akanyoosha mkono. Kabla hajaigusa, mtu akaegesha mlango kuzuia upepo.

Harufu ya udongo ikamjia. Kifua kikafunga. Alijikuta nje, amepiga magoti, anatema matope ambayo hayakuwepo.

"Mmemwona wenyewe," alisema Rugemalira.

Alipopata pumzi, Kokushubila aliingiza mkono mlangoni, akazivuta nyasi zake konzi kwa konzi. Akazunguka nyuma ya msonge, akazitandika pale paa linaposhuka hadi chini, upande aliokuwa akilala mzee.

Mkungu akamfuata. "Huko si matangani! Huko hatukuhesabu."

"Msinihesabu. Tata Ishengoma alinitoa ndani, akanileta nje. Na mimi nitamlilia huku huku nje."

Rugemalira akatema mate, akarudi ndani haraka, maana mvua ilikuwa imeanza. Kikapu cha kahawa kilikuwa kinazunguka mle, mkono kwa mkono. Hakikutoka nje.

Kokushubila akalala ubavu juu ya nyasi zake. Akageuza sikio lililobaki, akalibana kwenye paa, ili asipitwe watakapoanza kulia.