Taa Isiyoitika

Simu yangu iliandika tena: "Taa ya barazani haiitiki. Iondolewe?" Ni taa niliyomfungia mama kule Kilosa ili niiwashe kwa simu nikiwa kazini Mikumi. Nikapanda pikipiki, nimefura. Nilijua tu! Alikuwa ameizima ukutani, eti inakula umeme.

"Mama, swichi ya ukutani nimekukataza mara ngapi? Ukiizima hapo, simu ikiiita, haiitiki. Sasa lazima niifute, nianze kuiunganisha upya!"

Mama akaendelea kuchambua mchele.

"Mama! Nasema na wewe. Mbona huitiki?"

"Niitikie nini, Anselmi?" akajibu bila kuinua macho. "Umeingia humu na makelele yako, shikamoo hakuna. Haya, nifute na mimi."